Kiti cha Kando ya Dereva

Fundi wa viti vya magari aliyeitwa Sponji alikuwa na mtihani mmoja tu kwa kazi zake: alikikalia kiti, akafumba macho, na usingizi ukimchukua, basi kiti kimefaulu. Wateja walishamzoea. Ukimkuta anakoroma ndani ya gari lako, ujue kazi imekwisha. Mkewe alisema hajapata kuona mtu anayelipwa kwa kulala, naye alijibu kwamba huo ndio ufundi wenyewe.

Siku moja dereva mmoja wa makamo alimletea lori lake kuukuu. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea upande mmoja, springi zinachungulia nje. Cha abiria kilikuwa afadhali, kwa kuwa hakikuwa na mkaaji. Miaka mingi nyuma dereva alifunga breki ghafla kumkwepa mbuzi, mkewe akagonga kioo kwa kipaji cha uso. Alishonwa, akapona, akaapa hatapanda tena lori lile. Tangu hapo mumewe alisafiri peke yake akibishana na redio. Sasa walikuwa wamepata mjukuu mji wa mbali, na dereva alitaka kitu kimoja tu: waende kumwona pamoja, mkewe akiwa kando yake.

"Nitengenezee kiti cha kumbembeleza," alisema. "Na mikanda uitazame."

"Mzee, ondoa shaka," Sponji akajibu.

Kwenye viti alijimwaga. Alichana vitambaa vya zamani, akakaza springi, akakata sponji jipya kwa kisu cha mkate, akavika ngozi ya kahawia. Mkanda wa dereva aliukuta mzima, akauosha tu kwa sabuni. Wa abiria ulikuwa umetafunwa na panya ubavuni hadi nyuzi zimesimama, na hapo ndipo mkono wake ulipomponza. Mtu wa cherehani akiona kitu kimechanika, hushona. Aliutia kiraka, akapiga mishono ya kupendeza, hata uzi akauchagua ufanane na kiti. Kisha akalala, na kazi ikafaulu.

Mke wa dereva alikuja mwenyewe kukagua. Ngozi hakuigusa. Aliuvuta mkanda, akapitisha kidole gumba juu ya kiraka.

"Fundi, huyu bwana alinifunga ndoa wewe hujazaliwa, lakini mkanda hajawahi kunifunga. Huu utanishika?"

"Utakushika, mama, mpaka uuombe msamaha."

"Basi kaa wewe. Yeye alikimbize lori hapo uwanjani, kisha afunge breki. Si nasikia kazi zako huwa unazikalia mwenyewe?"

Sponji akacheka, akapanda, akajifunga. Injini ikanguruma. Akakitazama kioo cha mbele, akakitazama na kile kiraka kilichompita begani. Aliogopa, na zaidi ya kuogopa aliona haya. Alikuwa amelala usingizi mzito juu ya kazi ambayo asingethubutu kuitegemea ikienda mwendo.

"Zima, mzee," alisema.

Alishuka, akachukua mkasi, akaukata mkanda wake mzuri mbele yao. Kesho yake alizunguka maduka ya vipuri mpaka akapata mpya wa lori la aina ileile, pamoja na mashine yake ya kuuvuta, akaufunga kwa boliti zake. Wenyewe walipokuja alipanda bila kuambiwa. Dereva akalikimbiza lori, akakanyaga breki. Kofia ya Sponji ilikwenda kugonga kioo. Sponji mwenyewe alibaki kitini.

"Sasa mimi," mama akasema. Alipanda, akajifunga. "Haya, funga breki kama siku ile."

Lori likazunguka uwanja mara moja, mara ya pili, kisha likasimama taratibu karibu na Sponji, madirisha wazi. Dereva alikuwa ameung'ang'ania usukani.

"Siwezi," alisema. "Kishindo cha kichwa chako bado nakisikia. Kila nikikanyaga breki nakisikia."

Kwa jinsi mama alivyogeuka, Sponji alijua kwamba hakuwahi kuambiwa neno hilo, na kwamba miaka yote alidhani mwenzake amesahau. Mama akanyoosha mkono, akauvuta mkanda wa dereva, ule ambao mumewe hakuwahi kuufunga, akampitishia kifuani na kuuchomeka.

"Basi twende kwa mjukuu," alisema. "Polepole."