Nyayo za Aliyetoka

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kagugu, ufagio uliogopwa kuliko fimbo. Bibi aliyenilea alikuwa na mwiko mmoja asiotania nao: mtu akienda safari, nyayo zake hazifagiwi mpaka arudi. Ukifagia, umemfutia njia.

Mwiko ulikuwa mwepesi wakati safari zilipokuwa za kwenda mjini na kurudi jioni. Kisha vita vya kaskazini vikaanza kutuletea watu. Walipita na mikeka kichwani na kamba za mbuzi mkononi. Mmoja wao, Mama Vestina, aliingia kuomba maji, Bibi akamtandikia jamvi karibu na jiko. Vestina mwenyewe hakuwepo. Alipotea njiani, watu walipokuwa wakikimbia. Mkono wake uliteleza tu kutoka wa mama yake. Mama yake alitusimulia huku anachambua maharage, macho makavu, kama habari ya mtoto wa mtu mwingine.

Siku moja alisikia kwamba kuna watoto waliookotwa, wanatunzwa kambini. Akafunga kitenge, akakatiza uani kwa jirani kufuata njia ya mkato, akaenda. Bibi akauchomeka ufagio juu, kati ya ukuta na paa.

Kwetu ua hufagiwa kabla ya jua. Mwanamke asiyefagia, watu husema anaumwa, au ana jambo. Majani ya mparachichi yakaanguka, yakachanganyika na maganda ya maharage na mavi ya kuku. Jirani yetu Mama Zaituni, mke wa fundi cherehani, mwenye ulimi usiolala, akasimama kwenye minyaa iliyotenganisha nyumba zetu.

“Mukecuru,” alimwita Bibi, kama tunavyowaita wazee wetu wa kike, “mgongo umegoma? Nije nikufagilie?”

“Mgongo mzima. Kuna mtu yuko njiani.”

“Yule wa vita? Ni ndugu yako?”

“Amekula kwangu.”

“Haya. Kesho utafuga nyoka humo!” Akacheka, akaenda zake.

Kila alfajiri ufagio wa Mama Zaituni ndio ulioniamsha. Kesho yake sikuusikia. Nilichungulia: majani yalikuwa yamelala uani kwake, naye amekaa mlangoni anamenya viazi.

“Unashangaa nini wewe? Si alipita hapa kwangu pia? Nyayo zake nizipeleke wapi?”

Mama Vestina alirudi majani yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa amemshika Vestina mkono, na hata ndani ya nyumba hakumwachia. Alikula kwa mkono mmoja. Hakuna aliyepiga vigelegele. Bibi aliushusha ufagio, akaanza kufagia. Ng'ambo ya minyaa, ufagio mwingine ukaitikia.

Mwaka uliofuata mauaji yalifika kwetu, tukatoka sisi. Ilikuwa Aprili, mvua inanyesha. Mama Zaituni alibaki kwa sababu mumewe alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea. Bibi aliniambia nisigeuke. Niligeuka. Mama Zaituni alikuwa uani kwetu, ameshika ufagio wetu tuliousahau mlangoni. Aliuinua, akauchomeka juu, kati ya ukuta na paa, palepale pa Bibi.

Tuliporudi, magugu yalinifika magotini. Mtu mmoja alituambia mlangoni, kwa sauti ya kawaida, kwamba Mama Zaituni na mumewe waliuawa siku chache baada ya sisi kuondoka. Sikulia. Nilikuwa namtazama kiwavi akipanda jani. Bibi alinyoosha mkono juu, akaukuta ufagio. Aliushusha, akafagia ua wetu mpaka kwenye minyaa, akasimama hapo.

Sasa nina binti. Akienda shule, sifagii mpaka arudi. Jirani yangu hapa hucheka, lakini nimeona siku hizi anangoja na yeye, tunafagia jioni pamoja huku watoto wanatukanyagia tulipokwisha kufagia.

Kama ufagio unafuta njia, sijui. Shule ya msingi haikunifundisha hilo. Najua tu kwamba tulirudi, na kwamba siku zile, mlango wake mwenyewe ukiwa hatarini, mtu mmoja alikumbuka kutofagia nyuma yetu.