Alama Chini ya Kikombe

Wewe unayenisikiliza, nianze na harufu, maana ndiyo inayonirudisha haraka kuliko picha yoyote. Ni harufu ya kahawa inayokaangwa kwa moto wa kuni, jikoni kwa bibi yangu kwenye mteremko wa Mlima Meru. Bibi alilima kahawa maisha yake yote, lakini karibu yote iliuzwa. Zilizobaki nyumbani ni zile punje zilizovunjika au kutobolewa na wadudu. Hizo alizikaanga mwenyewe hadi zikawa nyeusi, akazitwanga kwenye kinu, na harufu yake ikapita katikati ya migomba hadi njiani. Majirani wakiisikia walijua kwamba kwa Mama Penieli, kama walivyomwita kwa jina la baba yangu, kuna jambo. Mwaka ninaousimulia jambo lilikuwa kubwa: dada yangu Neema alikuwa anapata kipaimara, na sherehe ingefanyika huko juu, siyo kwetu Sakina, mjini.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilipelekwa kwa Bibi wiki moja kabla ili nisaidie kazi ndogondogo. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba nyumba ile haikuwa na pipa la taka. Nilifika na pipi mkononi, nikaila, kisha nikazunguka uani na karatasi yake nikitafuta pa kuitupa. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa ng'ombe, majivu yalikwenda kwenye kuoshea vyombo, maganda ya kahawa yalirudi kwenye mashina ya migomba, na makopo ya mafuta yalikuwa yamepandwa vitunguu na kupangwa ukutani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda akiniangalia nikizunguka. Mwishowe akaniuliza, "Umekuja nayo kutoka wapi hiyo?" Nikamjibu kwamba nimetoka nayo Sakina. "Basi itarudi Sakina," akasema, na karatasi ile ikakaa mfukoni mwangu wiki nzima.

Baba alipopanda Alhamisi kuleta mchele, alipendekeza anunue vikombe vya plastiki vya kutumia na kutupa. Kwetu mjini sherehe zilikuwa zimeanza kufanywa hivyo, na mimi niliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nilishaambiwa kwamba kuosha vikombe ni kazi yangu. Bibi alikataa bila kupandisha sauti. Alimkumbusha Baba harusi moja ya jirani, ambapo vikombe vya namna hiyo vilitupwa ovyo, mvua ikavisomba hadi kwenye mfereji unaomwagilia mashamba yetu. Vikaziba chini ya daraja la magogo, maji yakapanda na kufurika kwenye kahawa changa, na akina mama walishinda siku nzima ndani ya tope wakivitoa kimoja kimoja. Vingine walijaribu kuvichoma, na moshi wake ukawakohoza watoto. "Hapa tunaazimana," Bibi alimaliza. Na ndivyo walivyofanya: kila nyumba ilikuwa na vikombe vyake vya bati vyeupe, na palipokuwa na sherehe vilikusanywa, vikatumika, vikaoshwa, vikarudi kwa wenyewe. Nyumba tisa zilituazima, na Mama Elibariki wa ng'ambo ya mfereji alileta vingi kuliko wote, ingawa mkwe wake alikuwa anamsumbua kila siku kwamba mtindo huo umepitwa na wakati.

Sherehe yenyewe ilikuwa tamu. Nakumbuka gauni jeupe la Neema lililolowa pindoni kwa umande, kwaya iliyoimba hadi kuku wakahama uani, na kahawa iliyomiminwa kutoka sufuria kubwa, nyeusi, yenye tangawizi. Vikombe viliwekwa kuzunguka mafiga ili vipate joto, hivyo vingi vilishika masizi chini.

Jumatatu asubuhi nilikabidhiwa kazi yangu. Bibi alikwenda shambani, na mimi niliazimia kumshangaza. Nilichota majivu na mchanga laini, nikachukua waya wa kusugulia sufuria, nikakaa kando ya bomba. Ndani ya vikombe hapakuwa na shida, kwa hiyo nguvu zote niliziweka chini, kwenye masizi. Chini ya kila kikombe, katikati ya masizi hayo, niliona pia vidoa vya rangi: kingine chekundu, kingine kijani, kingine vijistari viwili vya bluu vilivyofifia. Nilidhani ni uchafu sugu, rangi ya mlango iliyomwagikia. Nikavisugua kwa bidii kuliko masizi. Bibi aliporudi saa sita, vikombe vyote vilikuwa vimefudikizwa juu ya majani ya mgomba, vinameta juani kama meno.

Bibi alitabasamu kwanza. Akainua kimoja, akakitazama chini. Akainua cha pili. Alipofika cha tano alikaa chini pale pale kwenye nyasi.

"Upendo," akaniita, "alama ziko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Zile rangi zilikuwa majina ya nyumba. Nyekundu ilikuwa ya huyu, kijani ya yule, na bila hizo hakuna aliyeweza kujua kikombe kipi ni cha nani, maana vyote vilitoka duka moja. Bibi hakunichapa. Alinieleza polepole, kama alivyoeleza kila kitu, kwamba Jumamosi inayofuata ilikuwa zamu ya Mama Elibariki kufanya sherehe, na kwamba watu huazimana kwa sababu wana hakika chao kitarudi. Vikombe vikigombaniwa mara moja tu, mwaka ujao kila mtu atafungia vyake kabatini na kununua vya kutupa. "Na mfereji ni uleule," akasema. Nililia, nikamwambia nataka kurudi Sakina. Akaniambia karatasi ya pipi itarudi Sakina, lakini hili limefanyikia hapa na litamalizwa hapa.

Kesho yake mchana alikaanga kahawa, na harufu ikawaita. Walikuja wote tisa. Bibi alipanga vikombe juu ya mkeka uani, akanisimamisha mbele yao. Niliwaamkia, wakaitikia marahaba, kisha nikasema kwamba nimefuta alama zote kwa waya, nilidhani ni uchafu. Mama Elibariki akainua kikombe, akakigeuza, akakitazama kama kioo.

"Mama Penieli," akasema, "huyu mjukuu wako ukimwachia mlima atausugua mpaka umete kama una theluji."

Walicheka hadi mmoja akalazimika kushika nguzo ya kibaraza. Kisha wakainama kwenye mkeka, na nikaona jambo ambalo sijalisahau. Hawakuzihitaji alama kama nilivyofikiri. Mmoja alijua chake kwa pengo la ukingoni lililotokana na mtoto aliyekidondosha alipokuwa anajifunza kutembea. Mwingine alipitisha kidole kwenye mkono wa kikombe, akatafuta mbonyeo. Wa tatu aliomba kahawa, akanywa, akasema, "Hiki changu, kinanigonga jino palepale." Wawili waligombea kimoja.

"Acha hicho, wewe chako kina kutu."

"Kutu imeanzia kwako, ulikaa nacho mwezi mzima wa Pasaka."

Walimaliza kwa kukinywea kwa zamu. Vilivyobaki waligawana kwa macho tu, bila ugomvi, na Neema, ambaye naye alikuwa bado kwa Bibi, akaleta chupa yake ya rangi ya kucha na kopo la rangi ya mlango. Niliviandika upya vyote kwa mkono wangu, nyumba baada ya nyumba, kila mama akichungulia nyuma ya bega langu.

Kikabaki kimoja ambacho hakuna aliyekidai. Mama Elibariki alikichukua, akachovya kijiti kwenye rangi, akachora chini yake nukta tatu ambazo hakuna nyumba iliyokuwa nazo. Akanipa. "Hicho cha Upendo. Jumamosi ukija kwangu, uje nacho." Nilikwenda nacho. Nilipanga foleni na watu wazima, nikamiminiwa kahawa yenye maziwa mengi, na sijawahi kujiona mtu mzima kiasi kile.

Leo naishi Olasiti na kufanya kazi mjini. Kahawa ya mlima uleule inauzwa kwenye vibanda vizuri, ndani ya vikombe vya karatasi vyenye ngozi nyembamba ya plastiki ndani, ndiyo maana havivuji, na ndiyo maana haviosheki wala kuoza upesi. Mtu anakinywea kwa dakika kumi, kisha kinaanza safari kuelekea mfereji wa mtu mwingine. Mimi naenda na kikombe changu cha bati. Siku za kwanza kijana wa kahawa alinicheka, sasa akiniona mlangoni ananyoosha mkono kabla sijasalimia, na wenzangu watatu wa ofisini nao wameanza kuja na vyao. Nyumbani kwangu pipa lipo, sitakudanganya. Lakini maganda yanakwenda kwa jirani mwenye ng'ombe, na pipa lililokuwa likijaa kwa siku mbili sasa linamaliza wiki. Maisha ya mjini ni mepesi kuliko ya Bibi kwa mengi, ila kwa hili yeye alikuwa mbele yetu, na alifika huko kwa kukumbuka tu kwamba kila kitu kina kwao.

Basi usiangalie ukubwa wa taka za mji mzima, utachoka kabla hujaanza. Nenda kabatini, toa kikombe kimoja unachokipenda, kigeuze, kiwekee alama yako chini, uiache ikauke. Kisha kitie kwenye mkoba utakaotoka nao kesho asubuhi.