Josho la Vitanda

Kitanda cha chuma ulicholalia miaka yote ya sekondari, nani alikipaka rangi? Hujui, na hukuwahi kuuliza. Mmoja wa wapakaji hao ni Mithika, mzaliwa wa kijiji cha Muthara huko Meru, ambaye mwaka wa 1996 nusura apoteze kazi hiyo kwa sababu ya vitanda arobaini.

Mithika alikulia katika boma la mwisho kwenye mfereji. Wazee waliuchimba kwa majembe, wakauteremsha kutoka kijitoni hadi mashambani, na shamba la baba yake lilikuwa mkiani kabisa. Kila kiangazi kamati ya mfereji ilipima maji kule juu yanakoingilia, ikaandika kwamba yanatosha watu wote, ikaenda kunywa chai. Huku chini migomba ya baba yake ilikunja majani. Alipofika miaka kumi na saba, Mithika alichoka kuambiwa kwamba maji yanatosha. Alitupa jani mferejini kule juu, akatembea nalo bega kwa bega mpaka likasimama. Lilisimama maboma sita kabla ya kwao. Akaenda kuwaita wanakamati, mmoja mmoja, waje walitazame. Walilitazama sana. Wiki hiyo mfereji ulizibuliwa hadi mwisho.

Nchi hii ina wakubwa wengi wanaopimia maji chemchemini kisha wakatangaza kwamba kila mtu amekunywa. Mithika hakusema maneno makubwa namna hiyo. Yeye alisema tu, "Nenda ukaangalie kule mwisho."

Utu uzima ulimleta Meru mjini, katika chumba cha kupanga nyuma ya bucha huko Majengo, akapata kazi kwenye karakana ya Mzee Mbaka iliyounda vitanda vya shule. Pale hawakutumia brashi. Fremu nzima ilining'inizwa kwa mnyororo, ikazamishwa katika tangi refu lililojaa rangi ya buluu, ikainuliwa polepole, ikaachwa ichuruzike. Pampu iliyofungwa upande mmoja iliizungusha rangi ili unga wake usitulie chini. Tangi lenyewe wafanyakazi waliliita josho, kwa sababu lilifanana na josho la ng'ombe, na Mithika ndiye aliyekuwa mwoshaji. Kila jioni walimuuliza ameua kupe wangapi.

Kisha Madam Virginia, mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana huko Embu, akarudisha vitanda vyake vyote arobaini. Upande wa kichwani rangi ilikuwa imenona. Upande wa miguuni ilikuwa imekonda, na kutu ilikwisha kuchungulia.

"Ijumaa asubuhi anakuja kuviona tena," Mzee Mbaka akawaambia. "Akivikataa, nauza josho. Wapaka brashi wamejaa mjini."

Hakuhitaji kuongeza neno. Josho likiuzwa, Mithika anarudi Muthara.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Msimamizi wa kazi, Nyaga, mtu wa Embu aliyependa saa yake ya mkono kuliko chakula, alichukua kipimo chake: mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo uliotobolewa tundu moja chini. Aliujaza rangi, akaziba tundu kwa kidole, akaachilia, akahesabu mpaka rangi ikaisha. Rangi nzito hukawia, nyepesi hukimbia. Iliyo sawa ilikuwa ya sekunde ishirini na mbili.

"Ishirini na mbili," Nyaga akasema. "Rangi haina kosa. Kosa ni la mtu anayevuta mnyororo mbiombio kwa sababu kichwa kimejaa miraa."

"Miraa humfanya mtu aone mbali," Mithika akamjibu. "Ninyi watu wa Embu na muguka wenu mnatafuna majani kama mbuzi. Ndiyo maana unapima mahali pamoja tu, pale ulipofungwa kamba."

Wenzao wakacheka. Nyaga naye akacheka, ingawa kwa shingo upande.

"Tangi ni moja, rangi ni moja. Wataka nipime mara ngapi?"

"Hii umeiteka wapi?"

"Hapa kwenye pampu. Ndipo inapotokea ikiwa safi."

Kwa Mithika ilikuwa kama kuisikia ile kamati ya mfereji ikifufuka na kuvaa ovaroli.

Kifurushi chake cha miraa kilikuwa kimefungwa kwa jani la mgomba. Alilichana vipande, akaangusha kimoja juu ya rangi mbele ya pampu. Kikaondoka vizuri. Kilipofika katikati ya josho kikazubaa, kikageuka, kikarudi kilikotoka, kwa maana bomba la kufyonza lilikuwa palepale karibu na lile la kutema. Cha pili alikiangusha kule mwisho, inakozama miguu ya vitanda. Hakikwenda popote. Kilikaa kama mgeni ambaye hajakaribishwa chai.

"Lete mkebe wako, bwana Nyaga."

Rangi ya juu kule mwisho ilikwisha kwa sekunde tisa. Waliposhusha kopo lenye mpini mrefu hadi chini, lilipanda na tope la buluu lililokataa kabisa kupita tunduni. Unga wote wa rangi ulikuwa umelala huko, na juu yake kilielea kiowevu chepesi kama maji ya kuoshea brashi.

Mzee Mbaka aliitwa. Alisimama, mikono nyuma, akalitazama lile jani. Mithika alijua mtazamo huo; alikwisha kuuona mferejini.

"Pampu inatema na kunywa palepale kichwani," Mithika akasema. "Wa mkiani hawapati. Tufyonze kutoka kule chini mwisho, ndipo italazimika kupita kote."

Mzee Mbaka akamgeukia msimamizi wake. Nyaga aliitazama saa yake kitambo, ingawa hakuna aliyemuuliza saa.

"Leteni bomba refu," akasema.

Walifunga bomba, wakakoroga lile tope kwa miti miwili kama wanawake wanaosonga ugali wa harusi, wakawasha pampu. Mithika akaangusha jani. Likasafiri kutoka kichwani hadi mkiani bila kupumzika, na Nyaga akatembea kando yake ameinama, bila kupepesa macho. Kisha yeye mwenyewe akapima mahali patatu. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili. Ishirini na moja.

"Hiyo moja umeila wewe," akamwambia Mithika.

Jioni hiyo na asubuhi ya Alhamisi walisugua kutu. Mchana kutwa Mithika alizamisha na kuinua, kwa mwendo uleule, hadi kitanda cha arobaini kilipotundikwa kikauke.

Kesho yake, Ijumaa, alichelewa kwa makusudi, asije akaona vitanda vikikataliwa. Alikunywa chai ya pili ambayo hakuitaka, akaenda taratibu. Langoni akasimama. Uani palikuwa na viatu vyeusi vya kike, vimepangwa sawasawa chini ya kitanda kilichotangulia kuzamishwa. Juu ya springi tupu alikuwa amelala Madam Virginia, mkoba kifuani, vidole vya miguu vikigusa chuma cha mwisho. Mzee Mbaka alikuwa amevua kofia. Nyaga alishika leso nyeupe ya Madam, ambayo ilikuwa imepitishwa kwenye miguu ya vitanda vyote na bado ilikuwa nyeupe.

"Nani alipima rangi ya huku miguuni?" Madam akauliza, macho yakiwa bado mbinguni.

Nyaga akanyoosha leso kuelekea langoni. Madam akaketi, akamtazama Mithika toka juu hadi chini, akavaa viatu vyake, akamwita dereva wake alilete lori kinyumenyume hadi kwenye vitanda.