Mahari ya Bunduki Mbili

Barua ya posa ilifika Jumanne. Alhamisi yake, katika mji anakoishi mposaji huko Texas, mtu mmoja aliingia na bunduki katika duka kubwa la vyakula, akaua watu waliokuwa wakinunua mkate na maziwa. Mama yangu aliitazama habari hiyo mpaka mwisho, akawaombea maiti bila kuuliza dini zao, kisha akanigeukia na swali ambalo katika ukoo wetu halijapata kuulizwa kwenye posa yoyote.

"Na huyu wetu, anayo?"

Sikujua, na niliona haya, kwa kuwa kumuulizia mposaji ndiyo kazi tunayoijua kuliko zote. Sisi Wazanzibari wa London hatuozi mpaka simu zipigwe Muscat, Dubai na Toronto. Tulikuwa tumekwisha kuelezwa kwamba kijana anasali, kwamba ni mfamasia, kwamba aliwahi kununiana na binamu yake mwezi mzima kwa sababu ya mpira. Habari ya bunduki hakuna aliyetupa, maana hakuna aliyeuliza.

Binti yangu, aliyekuwa akiosha vyombo, alitujibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yake, kwamba yeye amemuuliza mwenyewe.

"Anazo mbili."

"Mbili za nini?" bibi yake alimaka. "Ana mikono mingapi?"

"Moja ya nyumbani, Bibi. Moja ya kwenye gari."

"Gari nayo inaogopa?"

Mshenga alikuja kwetu Wembley Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa ami wa huyo kijana, mstaafu wa Croydon, ambaye alikaa Texas wiki tatu tu na kurudi na kofia pana pamoja na maoni. Mume wangu alimpokea, mama akaketi mkabala naye. Binti, kwa desturi, alibaki chumbani, nami nikawa wa kwenda na kurudi, nikibeba sinia mkononi na maneno mdomoni.

"Bi Mkubwa," mshenga alianza, chai haijapoa, "tatizo si bunduki. Tatizo ni watu."

"Kwa hiyo watu wa Croydon ni wema kuliko wa Texas? Nakujua miaka arobaini, baba. Mbona wema huo sijauona?"

Mume wangu alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Na mwizi akikuingilia?"

"Alituingilia, mwaka jana. Alikuja na bisibisi, akachukua baiskeli, akaenda zake. Sisi wazima, na yeye mzima."

"Lakini ni haki yao! Imo kwenye katiba."

"Talaka nayo ni haki. Mbona hukuileta pamoja na maua haya?"

Tangu Alhamisi nilikuwa nikisoma kwenye simu hotuba za wanasiasa wa Marekani, kila mmoja akiwahutubia wanaokubaliana naye. Sikutegemea kuzisikia tena sebuleni kwangu, tena zikizungumzwa na midomo iliyojaa sambusa. Mume wangu, ambaye amefanya kazi ofisini maisha yake yote na anaamini kila jambo lina fomu yake, aliuliza kuhusu leseni.

"Kule kwetu haihitajiki," mshenga alijibu kwa fahari.

Mume wangu aliirudisha sambusa sahanini. Sisi tuna kibali cha kuegesha gari mbele ya nyumba yetu wenyewe.

Hatimaye ikafika zamu ya mahari, na katika jambo hilo anayesema ni bibi harusi peke yake. Nilikwenda chumbani, nikamuuliza, nikasimama kidogo mlangoni ili nipate sura ya kurudi nayo.

"Anasema mahari yake ni hizo bunduki mbili."

"Mashaallah!" Mshenga alipiga paja. "Binti ana moyo! Nilijua tu!"

"Tulia, baba," mama alimwambia. "Mahari ni mali ya mwanamke. Zikiwa zake, atazikatakata."

"Zikifika Heathrow tutafungwa sote," mume wangu alisema, na kwa mara ya kwanza mchana ule watu wote walikubaliana.

Ikaamuliwa kwamba kijana azipeleke polisi huko huko zikaharibiwe, atume cheti, na cheti hicho ndicho kitakachotajwa kuwa mahari siku ya nikaha. Mshenga alimpigia simu, akaiweka mezani ili tusikie sote. Kijana aliusikiliza uamuzi wetu mpaka mwisho.

"Ami, siku ile mimi nilikuwa kwenye duka lile," alisema. "Niliondoka saa moja kabla. Na nyinyi mnaniambia nibaki mikono mitupu?"

Hakuna aliyetania tena. Nilielewa kwamba yeye na binti yangu walikuwa wametiwa hofu na maiti wale wale, kila mmoja akakimbilia upande wake. Mama aliivuta simu karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Baba yangu alikuwa na bunduki ya kufukuzia kima shambani. Siku za mapinduzi, waliokuja kwetu hawakuuliza yeye ni nani. Waliuliza bunduki iko wapi."

Katika miaka yote niliyoishi na mama yangu, sikuwahi kulisikia hilo. Mume wangu alilitazama zulia. Kijana aliomba muda wa kufikiri, akapewa.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja, pamoja na picha ya cheti. Mama alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akahesabu.

"Imeandikwa moja."

Mshenga alieleza kwa simu, safari hii kwa unyenyekevu, kwamba sheria ya dini inaruhusu mahari kugawanywa: sehemu ikatangulizwa, sehemu ikaakhirishwa. Ya gari imetangulia. Ya nyumbani kijana anaomba iakhirishwe. Hatukuweza kubisha, kwani kisheria alikuwa sawa kabisa. Nilimpelekea binti yangu ujumbe huo, nikijiandaa kwa machozi.

Alikuwa anapiga nguo pasi. Hakuinua hata kichwa.

"Mwambie sawa, Mama. Na mimi nimeakhirishwa. Siku itakapokuja hiyo ya pili, nami nitakuja."