Fundi Mwero Hakuharibu Ile Friji

Fundi Mwero hakuharibu friji ya shangazi yangu. Niliiharibu mimi. Basi, nimesema! Imenichukua miaka zaidi ya thelathini kuandika sentensi hizo mbili, nami ni mtu ninayejisifu kwamba naandika haraka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimerudi Likoni kutoka chuo kikuu na digrii ya historia. Kazi sina, maoni ninayo tele. Shangazi yangu Rukia, wa mtaa wa Bofu hapo hapo Likoni, alikuwa anamwoza binti yake Salma.

Uani kwa shangazi palikuwa na gari la kulala, yale magari ya Wazungu yenye kitanda, jiko na friji ndani. Wenyewe walikuja nalo kutoka kwao, injini ikawafia Likoni, wakamwachia marehemu mume wa shangazi, wakapanda ndege. Gari halikusogea tena, lakini friji yake ilikuwa nzima.

Friji hiyo ndiyo iliyotegemewa kwa asmini. Asiyezijua arusi zetu na aelewe: vitumba vya asmini huchumwa alasiri vikiwa vimefumba, vikatungwa uzini, na kesho yake bibi arusi akapambwa navyo mbele ya wanawake wote. Vikikosa baridi, hufunguka mapema na kugeuka rangi ya chai. Friji ya nyumbani ilikuwa imejaa nguru na pweza, na nani anataka bibi arusi anayenuka pweza?

Friji ya gari ilikuwa ikitumia gesi, na mtungi ukaisha wiki ile ile ya arusi. Shangazi akamwita Mwero, fundi wa stima wa mtaa, aiunganishe na stima ya nyumba. Mwero alikuja Alhamisi asubuhi, akavuta waya, akatia tofali chini ya gurudumu moja ili gari likae sawa, kisha akaketi kunywa chai.

"Mbona hailii?" nikamuuliza.

"Hii haina mota, bwana mdogo. Yapoa kwa moto. Ina hita kule nyuma, yachemsha dawa iliyo ndani ya mabomba, ndipo baridi ipatikane. Haina haraka. Msiiguse mpaka kesho."

"Yapoa kwa moto?"

"Naam."

"Na jiko lako nyumbani lapika kwa barafu?"

Shangazi alicheka akajishika mbavu. Mwero hakucheka. Alikusanya koleo zake akaenda zake.

Alasiri asmini zikatiwa ndani. Karibu na magharibi nikaenda kuchungulia. Ubaridi ulikuwa wa kubabaisha, na friji kimya. Nikazunguka nyuma ya gari, nikafungua kile kidirisha cha mabomba, nikapeleka mkono. Lo! Yanaunguza!

Friji ina homa, nikajiambia. Kumbukeni kwamba nilikuwa nimesoma mapinduzi ya viwanda muhula mzima. Nilijiona mtu anayehusika.

Nikazima stima, nikachukua bisibisi, nikachomoa nyaya mbili za hita. Kisha, na hili nalisema kwa aibu, nikalowesha leso ya shangazi ya kujitanda, nikayakanda yale mabomba, kama mama anavyomkanda mtoto. Yalipopoa nikayafunga kwa leso ile ile, nikaenda kula biriani. Nilikuwa nimefaulu kuipoza friji kwa nje.

Asubuhi nikaamshwa na ukelele. "Maua yangu! Wallahi maua yangu!"

Asmini zote zilikuwa zimefunguka, zimelegea, rangi ya chai ya maziwa. Watu walitumwa mbio hadi soko la Kongowea kutafuta nyingine, wakarudi na fungu la dania.

Katika ile zahama nilikimbilia nyuma ya gari, nikaondoa leso, nikarudisha nyaya mahali pake na kuwasha stima. Shangazi akanikuta bisibisi mkononi.

"Kumetokea nini, mwanangu?"

Ningesema kweli saa ile! Ningegombezwa siku mbili, yakaisha.

"Ni Mwero," nikasema. "Aliunga nyaya kinyume. Nimeshazirekebisha."

Kufikia alasiri friji ilikuwa imegandisha barafu. Shangazi aliitia kwenye sinia akaizungusha kwa wageni kama ushahidi. "Msomi wetu kaitengeneza!" Salma akapambwa kwa maua ya plastiki yaliyoshushwa kutoka juu ya televisheni, na akina mama wakampigia Mwero vijembe mpaka sauti zikawakauka.

Mwezi haukuisha, hakuna nyumba Bofu iliyomwita tena. Watoto walimwandama wakimuuliza kama anauza makaa ya baridi.

Alinijia mara moja tu. "Nambie kweli. Uliigusa?"

"Sikuigusa." Nikaapa! Mwero akahamia Changamwe na watu wake.

Mimi nikarithi kazi zote za ufundi za mtaa. Pasi, redio, pampu za maji, vyote vililetwa kwangu. Pasi moja ilinirusha hadi kabatini. Kukataa sikuweza, maana kukataa kungekuwa kukiri.

Mwaka jana, nyumbani kwangu Mkomani, friji ilikataa kupoa. Mke wangu akaita fundi aliyesifiwa sana. Nikafungua mlango: Mwero, kichwa chote cheupe. Aliitazama friji, akanitazama mimi.

"Na hii umeigusa?"

Nikamwambia yote, nimesimama jikoni, mke wangu akisikia. Mwero aliendelea kukaza skrubu. "Mimi nilijua siku ile ile," akasema. "Mamangu alikufa akidhani amezaa mwongo. Usinambie mimi. Kamwambie shangazi yako."

Nikaenda Bofu. Nikaamkia shikamoo, nikaketi, nikaeleza: hita, bisibisi, leso. Shangazi akanishika mkono, machozi yakimlenga.

"Ewe mwanangu! Yule mtu kakuomba umsafishe, nawe kwa huruma yako umekubali! Hata makosa ya watu wayabeba!"

Nikaapa. Akawaita majirani waje wasikie jinsi nilivyo mwema. Nilipoondoka mimi nilikuwa walii, na Mwero mwongo asiye haya, anayetuma watu wakamsemee.

Ndugu zangu, ukikosea sema asubuhi ile ile, ungali na bisibisi mkononi. Usingoje mpaka watu wamezoea kukusifu, maana watakuja kuupokea ukweli wako kama sifa nyingine, na uliyemwonea atabaki pale pale ulipomwacha.

Nanyi wa Bofu, msomeeni shangazi yangu haya. Lakini msimwambie nani kayaandika. Akijua ni mimi, hataamini.