Mwisho Niliomficha Rafiki Yangu

Miaka ile dhahabu ilipokuwa inawavuta watu Nyamongo kutoka kila upande, mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari Tarime mjini, nimepanga chumba Turwa. Rafiki yangu, tuliyetahiriwa naye msimu mmoja, alikuwa ameacha shule kidato cha pili akaenda kuchimba. Shimo likamporomokea. Walimtoa akiwa hai, ila miguu ilikufa, na mgongo ulimuuma hadi analia mbele ya mama yake.

Kila Jumamosi nilipanda bodaboda hadi kwao Nyangoto. Ili siku isogee, nilimsomea riwaya ya Kiingereza niliyokuwa nafundisha, nikimtafsiria kipande kwa kipande. Ilihusu vibarua wawili marafiki, naye aliipenda sana. Mwishoni mmoja anamuua mwenzake kwa kumwonea huruma, ili asije akauawa kikatili na watu wenye hasira. Darasani nilikuwa nawauliza wanafunzi kama alitenda haki, kisha nasahihisha majibu yao bila wasiwasi.

Tulipoukaribia mwisho huo, hofu ikaniingia. Niliona jinsi alivyouma shuka maumivu yakimjia. Je, akiniomba? Nilijiogopa mwenyewe, maana sikuwa na hakika kwamba ningekataa. Basi nikadanganya. Nikamwambia marafiki wale walitoroka usiku, wakapata shamba lao. Niliondoka haraka, nikakisahau kitabu kitandani kwake.

Jumamosi iliyofuata nilimsalimia mama yake shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Siku zote nikifika yeye hutoka kwenda kuchota maji. Siku hiyo alivuta kigoda akakaa mlangoni. Rafiki yangu alikuwa amekishika kitabu. Kwa Kiingereza chake cha kidato cha pili alikuwa ameuhangaikia ukurasa wa mwisho siku nne.

"Kwa nini ulinificha?" akauliza.

"Niliogopa utaniomba."

Alikifunga kitabu.

"Mimi niliogopa hutaniuliza," akasema. "Yule aliyekufa, nani alimuuliza?"

Ndipo nikaelewa kwamba tangu aumalize ukurasa ule alilala pale, hawezi kujigeuza, akinisubiri, akidhani nakuja kumhurumia kama yule wa kitabuni. Na ni yeye aliyemwomba mama yake asitoke.

Nikamwapia kwamba sikuwahi kukusudia. Sikumwambia kwamba niliwahi kuwaza. Akasema maumivu ni yake na uhai ni wake, na akichoka atasema mwenyewe. Mama yake alizungumza naye kidogo kwa Kikurya, kisha akachukua ndoo, akasimama kizingitini kitambo kabla ya kwenda.

Aliishi miaka mitatu zaidi. Hakuwahi kuniomba. Alifariki hospitalini, vidonda vya kulala muda mrefu vilipoingia sumu, na mimi sikuwepo. Darasani niliendelea kufundisha riwaya ile, lakini mwanafunzi akiandika kwamba yule rafiki alitenda haki, kalamu yangu ilikuwa inasita.