Tumbo Nililolikanda Jumatatu

Mwalimu alikuja na ndoo nyeupe yenye kifuniko, ile tunayowekea maji, na kabla hajaifungua nilijua ndani kuna nyama. Harufu ya kichinjio naijua. Alikuwa amepitia machinjioni Dagoretti asubuhi akanunua moyo wa ng'ombe, mapafu, figo mbili, na kitu kingine alichokifunga kwenye karatasi peke yake.

Tulikuwa wanawake kumi na wanaume wawili katika ukumbi wa kanisa pale Kawangware, karibu na kwangu. Wenzangu wengi ni wahudumu wa afya wa mtaa, wale wanaopita nyumba kwa nyumba. Mimi niliitwa kwa sababu ni mkunga. Nimezalisha wanawake tangu nikiwa Kitui, na nilipohamia Nairobi nikaendelea. Siku hizi tumeambiwa mkunga hazalishi tena, anamsindikiza mama hospitali, na anayesindikiza lazima kwanza afundishwe mwili wa mtu ulivyo. Nilienda shingo upande. Shule yangu iliishia darasa la tatu. Mwalimu mwenyewe ni nesi kijana ambaye hajazaa, na nilijiuliza atanifundisha nini.

Alinifundisha. Sikujua damu inazunguka. Nilidhani imekaa mwilini kama maji kwenye mtungi, ukitobolewa inamwagika. Nilipoambiwa inakimbia bila kupumzika, inaingia moyoni na kutoka, nilianza kujisikiliza. Nachuja chai, nasimama na chujio mkononi nisikilize kifua. Nikipanda ngazi za ploti ninayopanga moyo ukienda mbio, naketi hapo hapo kwenye ngazi na kuogopa. Miaka yote hiyo nimebeba maji na kuni bila kujua kwamba ndani yangu kuna kitu kinachoweza kusimama.

Siku hiyo ya ndoo ilikuwa Jumanne. Moyo ulipitishwa mkono kwa mkono. Mama mmoja wa mtaa wa Satellite, muuza mboga, akauliza kama tukimaliza kusoma tutagawana, maana yeye ana sukuma wiki nyumbani imekosa mwenzake. Mwingine akamwambia apeleke, lakini amwambie bwanake ni moyo wa nani. Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Kisha mwalimu akafungua ile karatasi. Lilikuwa tumbo la uzazi la mbuzi aliyechinjwa na mimba. Akalipasua kwa makasi, na ndani kulikuwa na mwanambuzi mdogo kama kiatu, kwato zake laini bado, manyoya hana. Hakuna aliyecheka tena. Alituonyesha jinsi kondo la nyuma lilivyoshikamana na ukuta.

Akasema la mbuzi limeshikwa kwa vifundo vingi. La mtu ni moja tu, pana kama chapati, limebandikwa ukutani mwa nyumba ya mtoto, na mishipa ya damu ya mama imekuja mpaka hapo. Mtoto anapatia hapo chakula na anapumulia hapo. Hana pengine. Halafu akasukuma kifundo kimoja kwa kidole gumba, kwa upole kabisa, nacho kikatoka. Nilisikia kilivyotoka. Ni kasauti kadogo, kama ka ganda la yai la kuchemsha likimenywa.

"La mtu nalo likibanduka mapema, mtoto amekosa hewa," akasema. "Na mama anavuja damu. Msingoje kuiona hiyo damu. Wakati mwingine inajificha huko nyuma, nje haitoki hata tone. Shika tumbo. Likiwa gumu kama ubao na halilegei, hiyo ndiyo dalili."

Mmoja akauliza ni nini kinachobandua. Mwalimu akasema presha ya mama ikipanda, kuanguka, kupigwa ngumi na bwana, na kukandwa. Alipotaja kukandwa hakuniangalia, na kwa kuwa hakuniangalia nilijua ananisema mimi.

Kwetu mwanamke akifika mwezi wa saba au wa nane anakandwa tumbo ili mtoto anyooke. Mama mkwe wangu alinikanda mimi. Hapa mjini nimekanda wa kila kabila, hata wale wanaohudhuria kliniki huja kwangu wakishatoka huko. Na jana yake, Jumatatu, nilikuwa nimemkanda mke wa kitinda mimba wangu, huko Mashimoni wanakoishi. Ni mimba yake ya kwanza. Mwanangu alikuwa amenikataza. Kliniki iliwaambia tumbo lisikandwe, naye akaja kwangu akaniambia waziwazi, Mathe, tafadhali, usimguse. Nilimjibu kwamba yeye mwenyewe alikandwa akiwa tumboni na ameota ndevu. Nikangoja siku aliyoenda kazi ya mjengo.

Nilipapasa nikakuta kichwa kiko ubavuni. Nikapaka mafuta, nikasukuma. Mtoto hakutaka. Nikasukuma zaidi. Tumbo likakaza chini ya viganja vyangu, na msichana akanishika kifundo cha mkono.

"Mama, hapo panauma."

"Vumilia," nikamwambia. "Kuzaa si mchezo."

Lilikuwa bado limekaza nilipomfunika leso. Nilisema moyoni kwamba mtoto amekasirika, atatulia.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kanisa, mbele yangu mwanambuzi kwenye karatasi, na viganja vyangu vinakumbuka. Si mawazo yaliyokumbuka, ni viganja. Nikainua mkono. Mimi huwa siulizi maswali darasani.

"Likishakuwa gumu, mtu ana muda gani?"

Mwalimu alinitazama vizuri. "Shosho, hana muda."

Nilitoka nje nikampigia yule msichana simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na mara ya tatu akapokea jirani yao. Akaniambia simu imeachwa kwake inachajiwa, mwenyewe ameenda kliniki. Ameamka anaumwa tumbo, bwanake hakwenda kazini, wametoka kitambo wakitembea polepole upande wa Makina. Nikamuuliza kama kuna damu. Akasema yeye hakuona damu. Mwezi mmoja nyuma jibu hilo lingenituliza.

Nilichukua boda. Kijana aliniambia, "Shosho, legeza kidogo, utanivunja mbavu," na hapo ndipo nilipojua nilivyomkamata. Njia nzima nilikuwa naomba, na nitasema ukweli nilichokuwa naomba. Sikuomba mtoto apone. Niliomba isiwe mimi. Niliomba iwe malaria, iwe kufunga choo, iwe chakula kibaya, chochote ambacho mikono yangu haimo. Tulipovuka barabara ya Ngong ndipo nilipokumbuka kuna watu wawili kwenye hilo jambo na mimi si mmoja wao.

Kliniki ni ndogo, vyumba vitatu na veranda. Mwanangu alikuwa amekaa nje, viatu bado vina saruji ya jana. Alifurahi kuniona. Alisema daktari amempima, moyo wa mtoto unasikika, damu hakuna, anadhani ni uchungu wa mapema tu au mkojo mchafu. Amempa dawa, apumzike kidogo kisha warudi nyumbani. Daktari alimuuliza pia kama ameanguka, au amegongwa, au kuna mtu amemkanda.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Akasema hapana. Wewe si hukumgusa?"

Niliingia ndani. Msichana alikuwa amelala kwa ubavu, jasho juu ya mdomo, midomo haina rangi. Aliponiona alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi bila kutaka aonekane. Nilimwelewa. Alikuwa ananifichia siri. Mke wa mtu hamfichui mama mkwe mbele ya mumewe, hasa mume aliyekwisha kukataza. Alifundishwa adabu kwao, na adabu hiyo ndiyo ilikuwa inataka kumuua.

Nikamwekea kiganja tumboni. Nikangoja. Uchungu wa kuzaa unakuja na kuondoka, tumbo linakaza kisha linalegea, hilo nilikuwa nalijua kabla ya darasa lolote. Hili halikulegea. Nilivuta pumzi nyingi nikingoja, na lilikaa vile vile kama ubao wa kukatia mboga. Nilimuuliza ni lini mtoto alicheza mara ya mwisho. Akasema tangu jana jioni amecheza kidogo tu, leo hajui.

Kutoka kitandani hadi mlango wa daktari ni hatua kama nane. Sijawahi kutembea mbali hivyo. Mwanangu alikuwa amesimama hapo mlangoni, hakuna jinsi ya kusema bila yeye kusikia. Nilifikiria kumtuma dukani kwanza. Kweli nilifikiria, na nikaanza hata kutafuta kitu cha kumtuma. Kisha sauti ya mwalimu ikanijia: hana muda. Mama mmoja kwenye foleni akaniambia shosho kuna laini hapa. Nikampita.

"Daktari, yule msichana hajakuambia ukweli," nikasema. "Jana nilimkanda tumbo. Mimi, mama mkwe wake. Likakaza jana na mpaka saa hizi halijalegea. Damu iko nyuma, haitoki."

"Ulimkanda kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

Aliacha kalamu. Alipomshika tumbo safari hii hakukaa sana, akatoka mbio akiita ambulensi kwa simu. Mwanangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

"Nilikukataza, Mathe," akasema.

"Ulinikataza."

Kwenye ile hospitali kubwa walimwingiza moja kwa moja kupasuliwa. Sisi tulibaki kwenye benchi, yeye mwanzo, mimi mwisho, katikati watu wa watu. Kila mlango ulipofunguliwa nilifikiri ni sisi tunaitwa. Niliwahesabu wanawake niliowakanda, kwa nyuso, kwa ploti, kuna walionijia baadaye wakalia kwamba mtoto alizaliwa kimya, nami nikawaambia ni kazi ya Mungu. Niliwaambia kwa sauti ya uhakika. Wengine niliwakemea waache kulia.

Mtoto alitolewa akiwa hai, wa kike, mdogo, bila kulia. Walikimbia naye kwenye chumba cha mashine. Mamake aliongezwa damu. Daktari wa pale alituambia damu nyingi ilikuwa imejikusanya nyuma ya kondo na hakuna tone lililotoka nje, na kama wangerudi nyumbani tungezungumza mambo mengine.

Siku ya nne waliniruhusu kumwona mamake. Alinisalimia kama kawaida, kisha akawa anakunja ncha ya shuka.

"Mama, kwa nini ulisema? Mimi nilikuwa nimeshanyamaza."

"Nilijua umenyamaza."

"Sasa mwanao haongei na wewe."

"Ataongea ama hataongea," nikamwambia. "Wewe kunywa uji."

Nilirudi darasani kumalizia. Wanawake bado wanagonga mlango wangu na chupa zao za mafuta. Nawarudisha, na wengine hukasirika wakaenda kwa mwingine, najua ni nani. Nawafuata mpaka huko. Naitwa mchawi siku hizi, mtu aliyezeeka akaogopa kazi yake. La kuogopa ni kweli.

Mtoto sasa ana miezi mitano. Walituambia tungoje, kwamba ubongo uliokosa hewa hausemi siku ile ile, utaonekana kwenye shingo, kwenye macho, kwenye mikono. Mwanangu hanikatazi kuja. Ila nikimpakata mtoto yeye haondoki chumbani. Sijamlaumu.

Jumapili iliyopita nilikuwa naye magotini. Shingo imekaza, inabeba kichwa, hilo lilinipa nguvu. Nikamwekea kidole kwenye kiganja cha kulia, akakishika mara moja na kukivuta mdomoni. Nikahamisha kidole kwenye mkono wa kushoto. Ngumi ilikuwa imekunjwa, haikufunguka. Nikaigusa gusa, nikangoja, nikajaribu tena. Nikarudi wa kulia, akashika. Wa kushoto, hapana. Mamake alikuwa nje anaanika nepi, hakuwa ameona. Mwanangu alikuwa mlangoni, ananitazama usoni.

Ningeweza kumfunika mtoto blanketi.

"Njoo," nikamwambia. "Njoo uone huu mkono."